Chumba Bora cha Goma

Kazi ya Delphine Ngalula ilikuwa kuwaondolea kero watengeneza programu tisa, na tusimnyime haki yake, aliifanya vizuri. Kabla hajaja, ofisi ile ya Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, ilikuwa mahali pa kuzeeka kabla ya siku zako. Kampuni ilikuwa ya Papa Edouard Kambale, Mnande wa Butembo, kule Kivu, aliyeanza na duka la jumla, akaongeza malori, kisha akachoka kutojua lori lake liko wapi na limebeba nini, akaajiri watu wamtengenezee programu ya kuyafuatilia. Programu ikatoka nzuri, wafanyabiashara wenzake wa Kivu wakaitaka, na kampuni ya pili ikazaliwa ndani ya ile ya kwanza. Ubaya ni kwamba Papa Edouard aliwaendesha watengeneza programu kama alivyozoea kuendesha madereva. Lori likikwama Mokambo, mpakani mwa Zambia, mwenye mali alimpigia mmoja wao simu moja kwa moja, hata kama yuko kanisani anaimba. Umeme ukikatika, kazi ya asubuhi nzima ilipotea. Kuipima programu kabla ya kuwapa wateja kulichukua dakika arobaini, na ndani ya dakika hizo watu walikunywa chai, walisengenyana, na walitafuta kazi kwingine kwa kutumia mtandao wa Papa Edouard mwenyewe.

Delphine aliingia na sheria moja. Kila Ijumaa kila mmoja aandike kero yake, moja tu, na ndani ya wiki mbili yeye aiondoe au asimame mbele ya wote aeleze kwa nini ameshindwa. Lakini kero iwe na mwili. Usiandike unavyojisikia, aliwaambia, andika kitu kinachoweza kurekebishwa. "Nimechoka" ilirudishwa kwa mwenyewe. "Kiti kinanivunja mgongo" ilipokelewa, na kiti kikaja. Yannick, ambaye ulimi wake haukuwahi kujua likizo, aliandika siku moja kwamba kero yake ni Delphine. Akarudishiwa na swali: sehemu gani ya Delphine irekebishwe? Ofisi ilicheka wiki nzima, na hata Yannick alikubali kwamba ameshikwa.

Betri zikaja, umeme ukikatika hakuna aliyeinua kichwa. Zile dakika arobaini zikashuka hadi sita. Simu za wateja zikawekewa mtu wa zamu. Mwaka ukapita bila mtu kuacha kazi, na Papa Edouard, ambaye kumsifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino, alisema mbele ya wageni kwamba huyu mama anaijua kazi. Kichwa kilimvimba Delphine kidogo. Mimi na wewe pia kingetuvimba.

Mtu wa tisa alikaa mbali. Aliitwa Paluku, Mnande kama Papa Edouard, alikuwa Goma na mke wake Kyakimwa na binti yao Estelle, na ndiye aliyeandika moyo wenyewe wa ile programu, sehemu ambayo wengine waliigusa kwa uangalifu kama wanagusa sahani ya mkwe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila Ijumaa aliandika vilevile: sina kero. Delphine alimpenda kwa hilo, maana wengine walikuwa wameanza kulalamikia hata rangi ya mapazia.

Ijumaa moja ya Novemba Paluku aliandika maneno mawili: "Siko nalala."

Vita vilikuwa vinausogelea mji wa Goma, na Lubumbashi nzima ilijua. Lakini vita vilikuwa vinausogelea mji ule tangu Delphine yuko shule ya msingi, na habari inayosemwa miaka yote hufika mahali sikio likaizoea. Alisoma yale maneno mawili akiwa na kikombe cha chai mkononi. Akafuata sheria yake. Akamrudishia: "Kutolala si kitu, Paluku. Ni kitu gani kinakunyima usingizi?"

Siku mbili nzima hakujibu. Jumatatu asubuhi jibu lilikuwepo, na sasa lilikuwa na mwili kama sheria ilivyotaka. "Ni courant. Inakatika kila siku, na connexion pia. Naomba nikuje Lubumbashi na bibi na mutoto, nitumike mu bureau pamoja na wengine."

Umeme na mtandao vinakatika, basi ahamie na mke na mtoto, afanye kazi ofisini: Delphine alifurahi. Nasema hivyo kwa sababu mwenyewe baadaye alikiri kwamba alifurahi. Hii ilikuwa kero aliyoweza kuimaliza kwa mikono yake, na tena ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kumwomba chochote. Alimpigia simu siku ileile.

"Paluku, courant ya hapa inakatika kushinda ya kwenu. Utakuja kuteseka bure," alimwambia. "Mi nakuletea ile yote kwako ku nyumba. Ma-panneau, ma-batterie, antenne ya satellite. Utatumika muzuri kutupita siye bote."

"Aksanti, yaya." Sauti ya Paluku ilikuwa na adabu yake ya siku zote, ile ya kumwita dada mkubwa. "Mais nilikuwa nawaza, kuhama njo ingekuwa mwepesi."

"Mwepesi kwa nani? Estelle iko mu masomo. Utamutosha mule katikati ya mwaka?"

"Iko vile," akasema Paluku. "Iko vile, yaya."

Tungekuwa pale tungemshika Delphine mkono, lakini hatukuwepo. Mezani kwake kulikuwa na mtu mwenye shida ya umeme, na shida ya umeme ina dawa. Alikuwa na ruhusa ya kumhamisha mtu bila hata kumuuliza Papa Edouard, na ile meza ya dirishani pale Ruashi ilikuwa tupu tangu Juni. Hakuifikiria. Alimtafuta fundi wa Goma kwa jina Dominique, na ndani ya siku kumi na moja paneli sita za sola zilikuwa juu ya bati la Paluku, betri zimepangwa ukutani, antena imeangalia mbinguni, na kiti kipya kimekaa mbele ya meza mpya. Fundi alipiga picha. Delphine aliichapisha kubwa, akaibandika ukutani ofisini, na Yannick akaandika chini yake kwa kalamu nene: chumba bora cha kampuni.

Ijumaa iliyofuata Paluku aliandika: "Sina kero. Aksanti sana."

Angeandika nini kingine? Hakuna kilichoharibika tena. Mtu ametengenezewa nyumba yake mbele ya macho ya mtaa mzima, kwa mali ya mkubwa wa kabila lake, halafu aombe tena kuondoka? Kwao ingekuwa kumtemea mate mtu aliyekunawisha mikono. Basi aliketi kwenye kile kiti akachapa kazi, na Desemba ile alifanya kazi nyingi kuliko mtu yeyote Ruashi. Delphine aliwasomea wengine hesabu ya kazi za Paluku kama mfano.

Mwishoni mwa Januari Goma ikaanguka mikononi mwa waasi.

Wanaokumbuka juma lile wanakumbuka simu zilizokuwa zinaita bila kupokelewa. Umeme wa mji ulikufa, maji yakafuata, mitandao ya simu ikakatika. Nusu ya ofisi ile ilikuwa na ndugu kule, na Papa Edouard alitembea uani na simu mbili bila kuongea na yoyote. Kwenye ukuta wa ofisi palikuwa na kioo kikubwa kinachoonyesha nani yuko kazini, kila mtu na alama yake ya kijani. Na pale kwenye kioo, mji mzima ukiwa gizani, alama ya Paluku ilikuwa inawaka.

"Tuko," aliandika Jumatatu. "Tunalala chini, mbali na madirisha. Bajirani banakuja kwangu kuchaji simu." Na kwa kuwa hakujua kukaa bure, alimaliza kazi mbili siku ileile.

Watu walipiga makofi. Papa Edouard alimshika Delphine bega akamwambia kwamba bila yeye wasingekuwa na habari hata ya mtu mmoja. Na Delphine, hili ndilo lililomtesa kuliko yote baadaye, alijisikia vizuri. Mji unaungua, na yeye akawaza kwamba mfumo umefanya kazi.

Jumatano saa nne asubuhi alama ilizimika.

"Ni batterie," alisema Yannick. "Banachaji ma-simu ya quartier yote."

Delphine alikubali. Alikumbatia neno lile betri kwa nguvu zake zote. Alitazama hali ya hewa ya Goma, akaona mawingu na mvua, akapiga hesabu ya paneli sita chini ya mawingu. Aliandika maelekezo marefu ya jinsi ya kufuta vumbi kwenye paneli na vitu gani vizimwe kwanza ili betri zidumu, akayatuma. Alhamisi akayatuma tena. Ijumaa wanane waliandika kero zao, nafasi ya tisa ikabaki wazi, na hakuna aliyeigusa.

Jumamosi Papa Edouard alikuja ofisini amevaa koti jeusi. Hakukaa.

"Paluku bamemuua," alisema. "Jumatano. Bantu ba bunduki baliona taa, bakaona ile antenne juu. Bakamuuliza anaongea na nani. Akawaambia ni kazi, anatumikia bureau ya Lubumbashi. Bakamupiga risasi mu parcelle yake, inje ya nyumba, mbele ya bibi. Ma-batterie bakabeba." Alifuta miwani yake kwa muda mrefu. "Kama ni ba serikali ao ni bale bengine, Kyakimwa hajue."

Yannick alitoka nje. Kupitia dirishani Delphine alimwona amesimama uani kati ya malori mawili, amefunika uso kwa mikono yote miwili, mtu yule ambaye hakuwahi kukosa neno. Yeye mwenyewe alibaki ameketi. Alikuwa akingoja kulia na kilio hakikuja.

Matanga yalifanyika nyumbani kwa Papa Edouard, bila maiti na bila mjane. Wanande wa Lubumbashi walikuja wote, wenye maduka, wenye malori na wenye kubebea wenzao mizigo, wakaketi kwenye viti vya plastiki wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti za chini. Delphine aliketi kati ya wanawake. Mmoja wao akawa anamweleza mwenzake jinsi ile kampuni ilivyompenda marehemu, ilimwekea mpaka sola, ni kampuni gani nyingine hufanya hivyo. Delphine aliinuka akaenda kusimama karibu na ukuta.

Papa Edouard alimfuata pale. Alikuwa ameshampata Kyakimwa kwa simu ya mtu wa Gisenyi, upande wa Rwanda. Mjane na mtoto walikuwa wamevuka mpaka, na madereva wa Kivu wangewapokezana barabarani, Rwanda, Tanzania, Zambia, lori kwa lori, hadi Mokambo.

"Anauliza kintu moja tu," alisema mzee. "Juu ya nini bwana yake hakuhama wakati benzake banahama. Anauliza kama siye tulikatala."

Mzee hakuwa na habari. Ombi la Novemba lilifika kwa Delphine peke yake, na kwake ndiko lilikofia. Alijua pia kwamba akinyamaza litabaki hivyo milele, maana yule mwingine aliyelijua amezikwa kule, kando ya nyumba.

"Tutamwambia Paluku alipenda kubaki na kazi yake," aliendelea Papa Edouard. "Ni heshima kwake. Bibi atatulia."

"Mi njo nitaenda kumupokea," alisema Delphine.

Kabla ya safari alipita kwa mama yake. Mama Annie alikuwa akichambua maharage barazani, na Delphine akamweleza yote bila kujipunguzia hata neno: yale maneno mawili, swali alilorudisha, umeme, paneli. Alitumaini, tuseme ukweli, kwamba mama atamwambia hukujua.

Mama Annie aliendelea kuchambua. Alikuwa Mkasai aliyezaliwa hukuhuku Katanga, na mwaka ule Wakasai walipofukuzwa Katanga alikuwa na mimba ya Delphine.

"Baba yako hakuniambiaka hata siku moja kama anaogopa," alisema mwishowe. "Siku moja alitoka ku kazi, akaniuliza kama ma-malle yetu ya nguo iko na kufuli. Ile tu. Sikumuuliza kufuli ya nini. Niliamuka nikaanza kufunga bintu. Kesho yake bakakuja kuchoma parcelle, siye tuko mbali."

"Mama, mi nilimuuliza," alisema Delphine.

"Ulimuuliza. Njo maana akakujibu."

Hapo ndipo kilio kilipomjia Delphine, kwenye baraza ya mama yake, na sinia la maharage kati yao. Mama hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akampa maji ya kunawa uso.

Njia ya Mokambo ni mbovu na ndefu, na Delphine aliitumia yote kujaribu maneno. Uongo wa Papa Edouard ulikuwa mzuri, ukikaa vizuri mdomoni. Mjane angeondoka na mume shujaa wa kazi, kampuni ingeondoka safi, na yeye Delphine angebaki na siri; watu wengi wamebeba siri kubwa kuliko hiyo na wakazeeka nazo. Aliusema uongo ule kwa sauti mara tatu ndani ya gari. Kila mara aliufikisha mwisho bila kukwama, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Lori lilifika mchana, limepauka vumbi la Zambia. Dereva alishuka kwanza, akamshusha Estelle, kisha akampa mkono mama yake. Kyakimwa alikuwa mwanamke mfupi, kitenge cheusi kimefungwa kiunoni, mkononi mfuko mmoja. Alimsalimia Delphine kwa mikono yote miwili kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Ni weye yaya Delphine," alisema. "Paluku alikuwa anakusifu."

Delphine alimnunulia mtoto mkate na soda, akamketisha ndani ya gari. Kisha akafunga mlango, akarudi kwa Kyakimwa, na wakasimama wawili kwenye kivuli cha lori.

"Mama Estelle, kuko kintu nikuambie mbele hatujaenda," alisema. "Uliuliza kama tulikatala Paluku ahame. Papa Edouard hajue kitu. Paluku aliniomba mimi. Mu mwezi wa kumi na moja aliniomba akuje hapa, na weye, na mutoto. Meza ilikuwako. Ruhusa ilikuwako. Mi njo nilimukatalia. Alisema ni juu ya courant, nikamutumia courant."

Kyakimwa alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesikia lugha yake ikiongewa kwa lafudhi ngeni.

"Aliomba?" akauliza.

"Aliomba."

"Hakuniambia." Aliuweka mfuko chini. "Yaya, mi nilimugombeza ule mwanaume. Kila siku ya Mungu. Bajirani banafunga bintu, banaenda, mi namwambia na siye twende. Anasema, bamenifanyia hii yote, nitabaambia nini? Nikamwambia unapenda ma-panneau kushinda mutoto wako. Nilimwambia vile. Mu wiki ya mwisho nilikuwa hata simuongeleshe."

Delphine alitaka kuomba msamaha na akaona kwamba hata hilo lingekuwa kumpa mwenzake mzigo mwingine wa kubeba. Upande wa pili wa mpaka madereva wa Zambia walikuwa wanabishana juu ya foleni.

"Basi aliomba," alisema tena Kyakimwa, taratibu, kwa ajili yake mwenyewe. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Hakumtukana Delphine, wala hakumshika mkono. Alikuwa akitazama mahali fulani juu ya bega lake, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekumbuka jambo dogo la nyumbani.

"Ile siku Dominique alimaliza kuweka, Paluku aliwasha taa, akaikala ku ile kiti mupya, akaanza kulia. Kulia kama mutoto. Mi nikazani ni furaha. Nikatoka inje kuita bajirani bakuje kuona."